Mguu wa Ramla na Kaimu Adui

Msiniulize nilifikaje Zuiani. Njia ilikuwa mbaya, niliosafiri nao walikuwa wabaya zaidi, na hakuna hata mmoja wenu atakayefaidika kwa kujua nililala wapi na nilikula nini. Nitaanzia pale nilipovuliwa mzigo wangu, kwa sababu ndipo nilipoanza kuielewa nchi ile.

Zuiani ni nchi safi. Barabara zinafagiwa, maji yanatoka bombani, na watu wake ni wapole kiasi kwamba hata wakitaka kukukatalia jambo wanakukaribisha kiti kwanza. Upande wa pili wa mto iko nchi wanayoiita Ng'ambo tu, maana jina lake halisi limepigwa marufuku kuandikwa juu ya kifurushi. Ng'ambo inatawaliwa na mtu wanayemwita Mkubwa. Mkubwa huyo aliwavamia jirani zake, akawanyang'anya malisho na visima, akawafunga waliolalamika, na mpaka leo hajaomba radhi. Hilo hakuna anayelikanusha, nami silikanushi. Mtu yule hana haya hata kidogo. Watu wa Zuiani hawapendi vita, kwa hiyo wakaamua kumwadhibu kistaarabu. Wakatunga sheria kwamba hakuna kifurushi kitakachovuka mto ikiwa kitamfaa Mkubwa.

Sheria ni hiyo tu, mstari mmoja. Nilipoisoma ukutani nilisema, jamani, mbona ni sheria nzuri. Nilikuwa sijakutana na watekelezaji wake.

Wenyewe walinieleza jinsi mambo yalivyoanza, bila kuona aibu. Afisa alishika kifurushi cha asali akajiuliza: je, hiki kitamfaa Mkubwa? Atajuaje? Hawezi kuvuka kwenda kumwuliza, na hata akimwuliza, neno la adui haliaminiki. Wakakaa kikao, wakajadiliana, wakakubaliana kumwajiri mtu wa kwao akae badala ya Mkubwa, apewe kila kitu akijaribu, kisha aseme kwa kiapo kama amefaidika. Akifaidika, kitu kinazuiwa. Asipofaidika, kinapita. Cheo chake ni Kaimu Adui.

Kaimu Adui niliyemkuta kazini anaitwa Bwana Kitwana Mbaruku, mtu mnene wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na adabu zake zote. Anakaa katika Ofisi ya Manufaa, juu ya kiti kilichochongwa kifanane na kile cha Mkubwa. Kila asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, wafanyakazi wote wanajipanga mbele yake na kumzomea, kama kanuni inavyotaka, asije akasahau kuwa yeye ni adui. Wanamwita mnyang'anyi, wanamwita mnywa visima vya watu. Yeye anasikiliza mpaka mwisho, halafu anawaambia ahsanteni, nanyi hamjambo, na chai inaletwa.

Nilidhani kazi ile ni mateso. Nikamwonea huruma. Huruma yangu ilidumu mpaka nilipomwona kazini. Asali anailamba. Shuka anajifunika. Redio anaisikiliza mpaka taarifa ya habari inakwisha. Kisha anaweka mkono kifuani na kuapa, kwa masikitiko makubwa, kwamba ndiyo, amefaidika. Vitu vilivyozuiwa havirudi kwa wenyewe, kwa kuwa vimeshaguswa na adui. Vinabaki kwake vikiwa ushahidi. Nilikuwa na birika la kahawa la shaba, urithi wa mama yangu, nililokusudia kuvuka nalo. Aliweka kahawa, akamimina, akanywa, akafumba macho. Hapo hapo nikajua birika limekwenda.

Ndiyo sababu nilikaa Zuiani kuliko nilivyopanga. Birika la mama yangu siliachi hivi hivi. Nikakata rufaa, nikapanga chumba, nikasubiri.

Wenyeji walikuwa wameshazoea. Wamejifunza kuwa kinachopita ni kile kisichompendeza Kaimu Adui, kwa hiyo wanaharibu zawadi zao kabla ya kuzituma. Asali wanaitia chumvi. Shuka wanazitoboa. Wanaotaka kutuma viatu walikuwa wanatuma kwanza cha kushoto peke yake. Bwana Kitwana anakivaa, anachechemea nacho chumba kizima, anaapa hajafaidika, nacho kinapita. Baadaye wanatuma cha kulia. Ofisi ilipogundua ujanja huo ikapiga marufuku viatu vya kulia. Nasikia Ng'ambo sasa kuna watu wana viatu vya kushoto vya kila rangi.

Barua nazo hupita, mradi zisiwe na habari njema, kwa hoja kwamba habari njema humpa mtu nguvu, na kila mwenye nguvu kule ni raia wa Mkubwa. Kampuni za usafirishaji, kwa kuogopa faini, zimeizidi sheria yenyewe. Kuna mzee mmoja anakaa jirani kabisa na posta, ukoo wao unaitwa Mng'ambo tangu enzi za babu yake. Hajapokea kifurushi tangu sheria ipite, na yeye ni mtu wa Zuiani kabisa. Vifurushi vyake anaviona dirishani kila akipita kwenda sokoni. Nilimwuliza kwa nini halalamiki, akanijibu kwamba alilalamika, na jibu lilitumwa kwake kwa kifurushi.

Nyumba niliyopanga, mpishi wake alikuwa mwanamke wa Ng'ambo, na kila mtu alimwita Mama Ramla. Alikuja Zuiani kufanya kazi kabla ya sheria, akamwacha binti yake mdogo, Ramla, kwa bibi yake. Sheria ilipokuja, watu wa Ng'ambo waliambiwa wako huru kurudi kwao siku yoyote, lakini na nguo za mwilini tu, na wakishavuka hawarudi tena. Mama Ramla alikuwa ameshawaaga watu ili aondoke, ndipo barua ikafika. Barua ile ilipita bila tatizo. Ukuta wa shule ulikuwa umeporomoka, Ramla akaangukiwa, na mguu wake mmoja ulikatwa chini ya goti.

Mguu wa bandia Ng'ambo haupatikani. Mafundi wapo, lakini hawana ngozi, hawana mbao nzuri, hawana skrubu, kwa sababu ngozi ilimfaa Bwana Kitwana kwa viatu, mbao zilimfaa kwa rafu, na skrubu zilimkazia kiti. Kwa hiyo Mama Ramla aliiacha safari akabaki, ili mguu wa mwanawe utengenezwe Zuiani. Bibi yake Ramla alituma kipimo: uzi uliokatwa urefu wa mguu wa mtoto uliobaki mzima, kutoka gotini mpaka kisiginoni. Uzi hauna kazi yoyote, ukapita.

Fundi Mwinshehe, aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya soko, aliutengeneza mguu ule vizuri ajabu. Ulikuwa mwepesi, kifundo kinakunja, mikanda ya ngozi laini isimkwaruze mtoto. Mama Ramla akaupaka hina vidoleni. Aliniambia binti yake anapenda kujipamba kuliko kula, na asipouona mguu ni mzuri hatauvaa, ana kichwa kigumu huyo. Alisema hayo akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka kabla ya hapo.

Nilimsindikiza ofisini. Nilikwenda na matumaini, nakiri, kwa sababu Bwana Kitwana ana miguu yake yote miwili. Wafanyakazi nao walifurahi. Mkuu wa Ofisi, Bi Nargisi, mwanamke mwembamba anayeongea kama anambembeleza mtoto alale, alimshika Mama Ramla mkono na kumwambia leo huenda mambo yakawa mepesi. Kaimu Adui akaupokea mguu. Akaisifu hina yake. Akaujaribu kwapani, akatingisha kichwa. Akaupachika chini ya meza, akatingisha kichwa tena. Akautumia kuning'inizia kofia, kofia ikaanguka. Mama Ramla alikuwa ameshaanza kunong'ona dua za shukrani.

Kisha ikafika saa sita, saa ya mapumziko. Bwana Kitwana aliulaza mguu juu ya mkono wa kiti chake, akaegemeza kichwa, akasinzia. Alipoamka aligeuza shingo huku na huku. Tuliona sote uso wake ukibadilika. Yule bwana ni mkweli, siwezi kumnyima sifa hiyo. Akaweka mkono kifuani na kuapa kwamba shingo yake ilikuwa inamsumbua kwa muda mrefu, na kwamba leo, kwa mara ya kwanza, haimwumi.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilisema mengi pale dirishani, mengine siyo ya kuandikwa. Niliuliza kama wana akili, kama wana watoto. Hakuna aliyenikasirikia. Bi Nargisi alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, akanipa maji ya kunywa, akaniambia kuwa hasira hupokelewa siku ya Alhamisi.

Tukakata rufaa ya pili, sasa ya mguu. Tulipotoka tulipitia gatini, kwenye ukingo wa mto, nami nikaona jambo lililonishangaza. Winchi ilikuwa inashusha makasha makubwa ya chuma kwenye pantoni inayovuka kwenda Ng'ambo. Makasha yenyewe yameandikwa waziwazi: makochi, marumaru, manukato, gari la kifahari, kwa Mkubwa. Nikamwuliza mlinzi. Akanieleza kwa upole kwamba sheria inahusu vifurushi, na kifurushi ni kitu anachoweza kubeba mtu mmoja. Kitu kinachohitaji winchi si kifurushi, ni uhusiano wa kibiashara, na hilo lina idara yake. Nikamwuliza, je, mguu wa mtoto ukijengewa ndani ya jiwe kubwa la kuhitaji winchi? Alifikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema inawezekana, ila mizigo mikubwa lazima iwe na mwenyewe aliye mtu mkubwa, na akamtazama Mama Ramla kwa masikitiko.

Baraza la Rufaa la Zuiani hukutana kwenye ukumbi mzuri wenye feni. Wajumbe wake wamesoma, na ninasema bila kejeli kwamba sijawahi kusikia watu wakijadili mguu mmoja kwa kina namna ile. Mjumbe wa kwanza alisema hatujui Mkubwa ana miguu mingapi. Picha zake zote zinamwonyesha amekaa. Mpaka idadi ithibitishwe, alisema, itakuwa uzembe kuruhusu mguu wowote kuvuka. Mjumbe wa pili alisema mguu ni wa mtoto, haumtoshi Mkubwa, lakini tusisahau kwamba mtoto akitembea ataenda shule, akienda shule atapata kazi, akipata kazi atalipa kodi, na kodi ataipokea nani? Ukumbi ukaguna. Wa tatu alisema kinyume: mtoto asiyetembea ni mzigo kwa serikali ya Mkubwa, kwa hiyo kutokuvuka kwa mguu ndiyo adhabu yenyewe, na anashangaa kwa nini jambo hili linajadiliwa.

Alikuwepo pia mjumbe mwenye huruma. Kila baraza linaye mmoja. Alisimama na machozi machoni, akasema Zuiani haina ugomvi na watoto, haijawahi kuwa nao, na akapendekeza mguu uruhusiwe kuvuka bila unyayo. Walimpigia makofi kwa muda mrefu.

Mama Ramla aliombwa aseme. Alisimama akasema maneno machache tu, kwamba Mkubwa hamjui mwanawe, na mwanawe hamjui Mkubwa, na anayemjua mwanawe ni yeye. Katibu aliyaandika. Kisha kikao kikaahirishwa.

Kikaahirishwa tena. Mvua zikaja zikaisha, joto likaja, mvua zikarudi. Wajumbe walikwenda likizo, wakarudi wamenenepa. Picha ya Mkubwa akiwa amesimama ilipatikana, lakini alikuwa nyuma ya meza. Rufaa yangu ya birika ilikuwa bado haijaitwa, na nitasema ukweli, niliacha kuiulizia, nikaona aibu kusimama na madai ya birika karibu na mwanamke yule. Nilizoea kumkuta asubuhi jikoni akisonga unga huku akiongea peke yake, akimgombeza Ramla kana kwamba yuko pale: usikae kwenye vumbi, shika bega la bibi, usirukeruke.

Siku moja nilimkuta hasongi. Amesimama katikati ya jiko, ameshika uzi. Bibi alikuwa ametuma kipimo kipya, cha mguu ule mzima, ili wamjue mtoto alivyo. Uzi ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza. Mama Ramla aliuvuta hewani kwa mikono yote miwili, akaniambia, "Baba, tazama mwanangu alivyokua."

Nilifurahi naye. Wote wawili tukafurahi kama wajinga. Akasema lazima baraza liuone uzi huu leo leo, wajue kuwa mtoto hasubiri, yeye anakua tu, na mguu usipopita sasa hautamtosha. Akavaa kanga yake nzuri. Mimi niliona hoja ile haina jibu. Nilimwambia twende, hapo watakwama. Laiti ningemwambia akae.

Kikao kilikuwa kimeanza, lakini walimpisha. Alieleza kila kitu kwa mkupuo mmoja, akaufikisha uzi mezani. Bi Nargisi, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa baraza, aliomba mguu uletwe kutoka kwa Kaimu Adui, ukaletwa, hina yake imeshaanza kufutika upande alikokuwa akiegemeza shavu. Akaunyoosha uzi kando ya mguu kwa uangalifu, ncha kwenye ncha. Uzi ulizidi. Akapima mara ya pili asije akakosea. Halafu akainua uso, na nilimwona anatabasamu kwa furaha ya kweli kabisa.

"Mama Ramla," alisema, "pole sana kwa kusubiri. Mguu huu haumfai tena mtu yeyote. Unaruhusiwa kuvuka."

Wajumbe wakasimama kumpongeza. Yule mwenye huruma alimkumbatia. Bwana Kitwana alikuja mwenyewe kutoka ofisini, akamshika mkono, akasema atakosa usingizi lakini haki ni haki. Muhuri ukapigwa, mguu ukafungwa vizuri kwenye karatasi, na kwa kuwa kibali kikishatolewa hakikataliki, ukapelekwa gatini hapo hapo. Nilikuwa nimeshika kiti. Nilitaka kukivunja juu ya meza ile, na ningekivunja, ila Mama Ramla alinishika mkono wa shati bila kunitazama.

Akauliza, je, akitengenezesha mwingine, kwa kipimo kipya?

Bi Nargisi alimjibu kwa upole uleule. Mguu mwingine ni kifurushi kingine, utaanzia kwa Kaimu, na kwa uzoefu wa ofisi utachukua muda kama huu uliopita, pengine zaidi kidogo. Akamsihi asikate tamaa. Akamwambia Ofisi ya Manufaa haijawahi kumfukuza mtu dirishani.

Mama Ramla alishukuru. Ndiyo, alishukuru, akainama kidogo kama wafanyavyo watu wa kwao, akautaka uzi wake, akarudishiwa. Tulitoka. Nilidhani anakwenda nyumbani kulia. Lakini alikata kona ya soko, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Fundi Mwinshehe. Fundi alikuwa anapiga randa. Alipotuona aliacha, akafuta mikono, akauona uzi, akanyoosha kiganja ili apewe.

Mama Ramla hakumpa. Aliuviringisha uzi kidoleni, akautia kifuani. Akavuta kigoda akakaa, akapandisha kanga mpaka gotini, akaweka mguu wake mtupu juu ya ubao wa fundi.

"Nipime mimi," alisema.

Fundi alimwuliza kwa sauti ya chini kama yeye naye ameumia. Mama Ramla akasema hapana, mguu ni wa Ramla. Ila mpaka wale wamalize, Ramla atakuwa mtu mzima.

Fundi Mwinshehe alinitazama. Nikatazama chini. Basi akapiga goti, akachukua kipimo chake, akakishikiza chini ya goti la mama yule, na Mama Ramla akaunyoosha mguu wake vizuri, asije akapimwa mfupi.